Lori la Chama na Ugonjwa wa Stata
Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Katika sherehe kama hii ni desturi Katibu kueleza hesabu za fedha na idadi ya wanachama. Hesabu hizo zimekwisha chapwa mahali pake kitabuni humu, nasi hatuna haja ya kuzikariri. Twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya lori. Ndani ya miaka hii kumi hakuna jambo lililotutia katika maneno mengi kuliko lile lori la zamani la jeshi, ambalo kila lilipofika Kariakoo na kuzimwa lilikataa kuwaka tena.

Malori ya ukoo huu yajulikana. Bedford RL, kwa mfano, yalianza kuundwa Uingereza katika miaka ya 1950 kwa ajili ya majeshi: magurudumu yote manne huvuta, injini ni ya petroli yenye silinda sita, na chasisi ni ngumu, ya kuhimili tope na mawe. Chama kilinunua lori la namna hiyo kwa sababu njia zetu wakati wa masika huyakwamisha magari mengine yote, na katika jambo hilo halikutuaibisha hata mara moja. Aibu ilitupata mjini, penye lami.

Yafaa tukumbuke kwamba jina lenyewe la Kariakoo latokana na uchukuzi. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, mahali pale palifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Malori ya vita ile yalikuwa mabega ya watu, na wengi wao hawakurudi makwao. Basi lori la jeshi kukwama hapo si jambo la kuchekesha sana, ingawa vijana wa sokoni walicheka mpaka machozi.

Hasara mwaijua. Muhogo mbichi ukikwisha kung'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Lori lilipolala mjini, mzigo uliokuwa ukilingoja kando ya barabara ulikuwa ukioza, na mwenye shamba hakulipwa. Wala hatuwezi kuwalaumu wanachama waliokasirika. Lakini hasira ile ilimwangukia mtu. Ilisemwa waziwazi kwamba dereva amepata mke Kariakoo, na kwamba stata ni kisingizio chake cha kulala huko; maana kijijini lori liliwaka kila asubuhi! Alikatwa mshahara wa siku kumi na moja. Katika mkutano wa mwaka wa nane likaletwa shauri kwamba afukuzwe kazi, na lori liuzwe kuwa chuma chakavu.

Wakati huo stata ilikuwa imekwisha pelekwa kwa mafundi wa Gerezani mara tatu. Mara ya kwanza ilitiwa brashi mpya za kaboni, mara ya pili bushi, na mara ya tatu waya zake zilisukwa upya. Kila mara lori lilikaa vizuri majuma kadhaa, kisha ugonjwa ukarudi. Nafuu ile ilikuwa na sababu nyepesi: kila mara fundi aliichaji betri na kuzisafisha ncha zake kabla ya kulirudisha lori.

Stata husema kwa sauti, na atakaye kuijua hana budi kuisikiliza kabla ya kushika spana. Ikivuma na kuzunguka kwa kasi bila injini kutikisika, basi ile gia yake ndogo imenata juu ya msumeno wake kwa vumbi na mafuta. Ioshwe kwa mafuta ya taa na kuachwa kavu, wala isipakwe grisi, kwa kuwa grisi ndiyo ishikayo vumbi. Ikikwaruza, au ikishika leo na kukataa kesho, yatazamwe meno ya gurudumu kubwa la injini. Injini ya silinda sita inapozimwa huelekea kusimama katika sehemu zile zile tatu, na hapo ndipo meno yanapolika. Lori likitiwa gia na kusukumwa kidogo, meno mazima huja mbele. Sauti ya tatu ni mlio mmoja mzito, kisha kimya, au injini kuzunguka kwa uvivu. Hapo umeme haufiki kama upasavyo.

Sauti ya lori letu ilikuwa hiyo ya tatu, nayo ilikuwa na ajabu moja. Stata ilipokataa, taa za mbele hazikufifia. Betri iliyochoka haiwezi kuwasha taa hivyo.

Ndipo alipokuja fundi rewaya mmoja mzee, naye kabla ya kufungua nati hata moja alimketisha dereva na kumwuliza habari. Dereva akasema neno ambalo alikuwa amelisema mara nyingi mbele ya watu waliomcheka: kwamba lori likikataa kuwaka, waya wa choki humwunguza vidole. Mzee akasema, "Basi, bwana, ugonjwa umekwisha kuutaja mwenyewe."

Maana yake ni hii. Umeme uendao kwenye stata sharti urudi kwenye betri. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo pana mkanda wa shaba unaoiunganisha injini na chasisi. Mkanda huo ukiharibika, umeme hutafuta njia nyingine, nao hupita hata katika waya mwembamba wa choki na kuutia moto. Taa zenyewe zimeungwa na chasisi moja kwa moja, ndiyo sababu hazikuona dhiki.

Mzee hakuridhika na maneno. Alishika mita ya volti, ncha moja akaiweka kwenye ncha ya betri iliyofungwa kwenye chasisi, na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, utingo akapiga stata. Mita yapaswa kuonyesha chini ya nusu volti. Ya kwetu ilionyesha karibu 4. Katika volti 12 za betri, hizo zilikuwa zikipotea njiani. Mkanda ulipatikana chini ya tope, nyuzi zake zimeliwa na kutu ya kijani, na mahali ulipofungwa palikuwa pamepakwa rangi ya jeshi tangu zamani. Rangi nayo haipitishi umeme.

Na kwa nini Kariakoo? Kijijini dereva alikuwa akiegesha lori mtelemkoni. Mjini ni tambarare, injini i moto, na katika foleni ya kushusha mizigo huzimwa na kuwashwa mara nyingi bila betri kupata nafasi ya kujaa.

Rangi ilikwanguliwa, mkanda mpya mnene ukafungwa, na gharama yake yote haikufikia gharama ya kusuka stata mara moja. Ugonjwa haukurudi tena. Dereva yungali kazini, na mshahara wa siku zile kumi na moja amerudishiwa. Mtauona katika hesabu za malipo. Shauri la kuliuza lori bado li katika ajenda ya mkutano mkuu, nanyi ndio mtakaolipigia kura. Siku hiyo itazameni hesabu ya petroli, kwa kuwa kiu ya lori lile ni ugonjwa mwingine, na mkanda wa shaba haukuutibu.