Maji ya Kumiminiwa



Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi wao kunawa mikono kwa maji yenye dawa kabla ya kuwashika wazazi, na vifo vikapungua mno. Hapa kwetu, mwaka 2020, abiria wa feri ya Likoni walinawa kabla ya kuvuka. Korona ilipopoa, mazoea yale nayo yakapoa.

Twajua kwamba Kisauni na Changamwe wengi wetu twanunua maji kwa mtungi. Lakini kuhara na kipindupindu hupita mikononi. Twawaomba radhi, wazee: katika karamu na matanga yetu bakuli moja hupitishwa, mzee hutangulizwa, na mtoto hunawa mwisho, katika uchafu wa wote waliomtangulia. Heshima hiyo yamdhuru mjukuu.

Basi na tumiminiane kwa birika. Kata moja ya maji na kipande cha sabuni vyatosha, tutokapo msalani na kabla ya kula. Wazee wakianza, watoto watafuata.