Sadaka Yetu Imfikie Mtoto
(Hotuba ya Mwenyekiti)



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka 10. Habari za hisa na mikopo atazisoma mweka hazina. Mimi naomba niseme juu ya mfuko wetu wa jamii.

Kama mnavyokumbuka, mkutano wa mwaka uliamua sehemu ya mfuko huo iwasaidie watoto wenye saratani ya jicho. Ugonjwa huu ni wa nadra. Humpata kama mtoto 1 katika watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na wengi huugua kabla ya miaka 5. Dalili yake mama yeyote anaweza kuiona: ndani ya mboni panang'aa weupe, au jicho linaingia makengeza. Sisi husema amerogwa, au ni mtoto wa jicho tu, tukangoja. Kumbe akiwahishwa anapona, na mara nyingine hata jicho linaokolewa. Akicheleweshwa, ugonjwa hupanda kwenye ubongo, basi tena.

Sasa shilingi yetu tuipeleke wapi? Ugonjwa usiojulikana na wengi ni rahisi watu kudanganyiwa. Juzijuzi alipita mtu sokoni na picha ya mtoto aliyevimba jicho, anachangisha. Tukamwuliza, mtoto amelazwa wapi? Akawa mkali, akaondoka zake. Kwa hiyo napendekeza tufuate haya:

Kwanza, chama kinachoomba kituonyeshe cheti cha usajili. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ipo tangu mwaka 2002, na Msajili yupo. Tena cheti peke yake hakitoshi, tuombe na hesabu zao za mwaka. Sisi tunasomeana hesabu kila kikao, wao wanaogopa nini?

Pili, tuulize fedha zitafanya kazi gani. Zawadi na fulana zinapendeza kwenye picha. Lakini tiba ya saratani huchukua miezi, na mama aliye na mtoto Muhimbili ameacha wengine nyumbani. Hata pale dawa zinapotolewa bure, nauli na chakula humshinda, akamrudisha mtoto kabla tiba haijaisha. Hapo ndipo tunapowapoteza. Chama kinacholipa nauli na kumfuatilia mtoto mpaka amalize dawa, hicho ndicho tukichangie.

Tatu, fedha zisiende kwenye simu ya mtu binafsi. Ziende kwenye akaunti ya chama, na risiti ibandikwe kwenye daftari letu. Tukiwa na mashaka, tuulize ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali.

Nne, tusidai picha ya mtoto ndipo tutoe. Naye ana heshima yake.

Tano, afadhali kidogo kila mwezi kuliko kingi mara moja halafu kimya. Haba na haba hujaza kibaba, tumeliona wenyewe.

Mwisho, liko la kutoa lisilo na gharama. Kila mmoja akirudi nyumbani aangalie macho ya watoto na wajukuu. Ukiona weupe, usingoje mavuno, nenda hospitali. Na kama mtoto mmoja aliugua, ndugu zake nao wapimwe, maana ugonjwa huu waweza kurithiwa.