Kazi Inayovuka Bahari

(Haya ni maandishi ya mazungumzo na walimu na watumishi wa Serikali wa wilaya za Tarime na Serengeti.)



Mkulima wa Tarime anaijua vema njia ya kahawa. Inapandwa na kuvunwa hapa, lakini sehemu kubwa hukaangwa na kufungwa ng'ambo, na faida nono hubaki huko. Leo ipo kazi nyingine inayofuata njia hiyo hiyo, nayo ni kuandika programu za kompyuta. Makampuni ya Marekani na Ulaya huwapa kazi hiyo watu wa nchi za mbali ambao ujira wao ni mdogo, kisha matunda yake hurudishwa kwao kwa intaneti.

Jambo hili limekwisha kufika Nairobi, mji ambao vijana wetu huufikia kwa basi kupitia Sirari. Kampuni ya Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014, iliingia Nairobi na Kampala, ikawafundisha vijana na kuwakodisha kwa makampuni ya kigeni. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza vijana wapatao 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda, kwa hoja kwamba soko lilitaka wenye uzoefu. Mwaka 2023 jarida la TIME likaeleza habari za Wakenya wa kampuni ya Sama, waliochambua maandishi ya kufundishia programu za OpenAI. Walipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, ilhali mkataba uliipa Sama dola 12.50.

Hatusemi kazi hiyo ikataliwe. Ujira ni ujira, na India ilijifunza mengi kwa kuwaandikia wengine programu. Tunasema kwamba mwenye kazi ndiye aamuaye ije lini na iondoke lini, na programu ikikamilika ni mali yake.

Njia ya pili tunayo. Kila mtumishi wa halmashauri anaujua mfumo wa MUSE. Ulijengwa na wataalamu wetu, ukachukua nafasi ya Epicor, programu ya Kimarekani. Ujuzi uliotumika ulibaki nchini, na panapotokea hitilafu hatumpigii simu mgeni.

Kwa hiyo wajibu wetu ni wa namna mbili. Ninyi watumishi, ofisi inapohitaji mfumo, watafuteni kwanza wataalamu wa nchi hii. Ninyi walimu, fundisheni hesabu kwa bidii, na kompyuta ya shule itumike, kwani iliyofungiwa kabatini haimfundishi mtu. Tena mfundisheni kijana kuuliza kabla ya kutia sahihi: nitalipwa kiasi gani, kazi itakoma lini, na nitakachokitengeneza kitakuwa mali ya nani?

Kukaanga kahawa kunahitaji mitambo ya gharama kubwa. Programu huanzia katika kichwa cha mwanafunzi, naye yumo katika madarasa yenu. Tusikubali auzwe kama malighafi.