Mbwa Mwitu na Mbwa wa Nyumbani: Hotuba kwa Wakazi wa Kata ya Bulyaga



Mkazi wa Tukuyu akiulizwa habari za mbwa mwitu, huenda akajibu kwamba mnyama huyo hayumo migombani wala katika mashamba ya chai, basi hamhusu. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, inayofika hadi Usangu katika mkoa huu huu wa Mbeya, ni miongoni mwa makimbilio yake makubwa. Afrika nzima wamebaki takriban 6,600 tu.

Mbwa mwitu huishi kwa umoja. Kwa kawaida jike mmoja huzaa na kundi zima hulea. Wawindaji wakirejea, huwatapikia watoto nyama. Umoja huo ndio nguvu yao, na ndio udhaifu wao, kwa maana maradhi yakimpata mmoja huwafikia wengine upesi. Makundi yaliyofuatiliwa na watafiti Serengeti yalitoweka mwaka 1991, baada ya kichaa cha mbwa kuthibitishwa miongoni mwao. Ilipofika mwaka 2012 ndipo Serikali ilipoanza kuwahamishia wengine huko kutoka Loliondo.

Mfugaji aliyepoteza mbuzi wake hana sababu ya kumpenda mnyama huyu, na hasira yake haifai kubezwa. Ndiyo maana katika vijiji vya jirani na Ruaha, mkoani Iringa, uhifadhi umeanzia kwa wananchi wenyewe. Mazizi huimarishwa kwa nyavu za chuma. Vijiji hutunza kamera porini, na kila picha ya mnyama huleta alama. Walio hatarini zaidi huleta alama nyingi. Alama hizo hugeuzwa kuwa misaada ya elimu, afya na tiba ya mifugo. Hivyo mnyama aliye hai huwa na faida kwa kijiji.

Bulyaga haina kamera hizo, lakini ina mbwa wa nyumbani, na kichaa cha mbwa hakibagui mwitu na mji. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Wataalamu husema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo anayemficha mbwa wake siku ya chanjo huhatarisha kwanza mtoto wa jirani.

Kila mbwa achanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mbwa asiachwe kuzurura wala kupelekwa msituni kuwinda. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.