Swichi ya Taa ya Breki Isidharauliwe



Vyama vingi vya msingi vina pikipiki moja, tena ya siku nyingi, itumikayo kumpeleka katibu benki na bwana shamba kwa wakulima. Pikipiki hiyo ikikataa kuwaka, habari huenea kijijini kabla ya jua kuchwa. Lakini taa yake ya breki ikifa, hakuna ajuaye, kwa kuwa mwendeshaji haioni. Anayeihitaji ni dereva wa lori ajaye nyuma, naye huikosa wakati uleule pikipiki inaposimama ghafula mbele yake.

Mara nyingi chanzo ni swichi ya breki ya nyuma. Kifaa hiki kidogo hufungwa kwenye fremu karibu na pedali. Ndani yake mna kijiti kivutwacho na springi iliyoshikizwa kwenye pedali. Mguu ukikanyaga, kijiti huvutwa, vipande vya shaba hugusana, na moto wa betri hupita hadi kwenye balbu. Miaka ikipita, springi hulegea, tope na maji huingia, na shaba huwa nyeusi. Balbu ya breki kwa kawaida ni ya wati 21. Katika pikipiki ya volti 6 balbu hiyo huhitaji ampea 3.5, yaani mara mbili ya ile ya volti 12. Ndiyo sababu uchafu kidogo tu hufifisha taa za pikipiki kuukuu.

Si vyema fedha za chama zitumike kununua swichi mpya kabla kosa halijajulikana. Kwanza balbu ifunguliwe na itazamwe: ina nyuzi mbili, na ule wa breki waweza kuwa umekatika huku taa ndogo ya usiku ikiendelea kuwaka. Pili, kama pikipiki ina swichi nyingine kwenye mkono wa breki ya mbele, nayo ijaribiwe. Taa ikiwaka kwa mkono na kukataa kwa mguu, balbu haina kosa. Tatu, ufunguo ukiwa umewashwa, waya mbili za swichi ya nyuma zichomolewe na ncha zake ziunganishwe kwa kipande cha waya. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, fundi atafute kwenye fyuzi, kwenye waya, au mahali taa inaposhikana na fremu. Waya wa moto usiguse fremu hata kidogo, kwani fyuzi itaungua.

Swichi iliyochakaa yaweza kupona. Ufunguo uzimwe, springi ivuliwe, na swichi ioshwe tope. Ikiwa ni ya aina inayofunguka, shaba zake zisuguliwe taratibu kwa msasa laini hadi zing'ae, kisha kijiti kipakwe grisi kidogo. Springi iliyonyooka ibadilishwe. Iwapo kasha limepasuka au shaba zimelika, hapo swichi mpya ndiyo dawa.

Kazi ya mwisho ndiyo isahauliwayo zaidi. Bitana za breki zikilika, nati ya breki hukazwa, na mwendo wa pedali hubadilika. Swichi nzima basi huwasha taa kwa kuchelewa. Kwa hiyo breki irekebishwe kwanza, swichi baadaye. Nati ya swichi ndiyo izungushwe, nayo swichi yenyewe ishikwe isizunguke, la sivyo waya zitakatika. Taa iwake kidogo kabla breki haijaanza kushika. Ikirekebishwa kupita kiasi, itawaka mfululizo: dereva wa nyuma hatajua ni lini pikipiki inasimama kweli, na betri itakwisha.

Katibu hahitaji chombo chochote cha kupimia. Kila asubuhi pikipiki irudishwe nyuma hadi karibu na ukuta wa ofisi, ufunguo uwashwe, na pedali ikanyagwe. Wekundu ukionekana ukutani, safari na ianze. Usipoonekana, mwendeshaji angoje hadi taa itengenezwe. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na swichi hii ni mwiba unaoweza kukipotezea chama pikipiki yake, na nyumba fulani kumpoteza baba.