ADA IMEONDOKA, NJAA IMEBAKI
(Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa chama)

Ndugu wanachama, ndugu wanakijiji,

Maneno haya tuliyasoma mkutanoni. Tumeyabandika hapa ili ambaye hakufika ayasome, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Jambo letu ni moja: watoto wanaoacha shule ya sekondari kabla ya kumaliza Kidato cha Nne. Tunawajua, ni wa kwetu. Mmoja yuko kwenye bodaboda, mwingine ana mtoto mgongoni, na wengine tunawaita sisi wenyewe waje kutuokotea korosho. Msimu huo ndio wa mitihani, jamani! Tusifichane.

Wapo wanaosema, "Serikali imeshatoa elimu bure, basi yamekwisha." Hebu tuhesabu pamoja. Kabla ya Januari 2016 mzazi wa mwanafunzi wa kutwa alilipa ada shilingi 20,000 kwa mwaka, na wa bweni 70,000. Siku hizi serikali inaifidia shule ada hiyo. Juu yake kuna ruzuku ya uendeshaji, iliyopangwa shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Ni jambo kubwa, tunashukuru. Lakini zigawe hizo 25,000 kwa siku 194 za masomo: ni kama shilingi 129 kwa siku. Humo mna vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Chakula hamna. Chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa kimeachiwa wazazi, yaani sisi.

Sasa mtoto anayetoka hapa alfajiri bila chai, akashinda na njaa mpaka saa tisa, ataweza miaka minne? Anaanza kukosa Ijumaa, halafu wiki nzima, mwisho hayupo. Wengine wanapanga vyumba karibu na shule, wenyewe wanaita geto, hakuna mkubwa wa kuwaangalia. Msichana mwenye njaa hudanganywa kwa sahani ya chipsi. Sheria tangu 2016 inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Ni haki yake, lakini kifungo hicho hakimlishi mtoto aliyebaki na njaa.

Tena fedha hizi zinafuata idadi ya wanafunzi. Mtoto akitoroka, fungu lake nalo linatoroka, na shule inazidi kudhoofika kwa waliobaki. Kwa hiyo anayesema "aliyeacha ni wa jirani, mimi hanihusu", anajidanganya.

Yako mengine ya kushukuru. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha nchi yetu dola milioni 500 kwa mradi wa SEQUIP, wa kujenga sekondari karibu na wananchi na kuwapa walioacha shule njia nyingine ya kusoma. Huo ni mkopo, utalipwa na watoto wetu. Itakuwa aibu walipe deni la madarasa ambayo hawakukaa. Na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatisha masomo warudi shuleni, hata msichana aliyejifungua. Mlango uko wazi. Wanaoufunga mara nyingi ni sisi nyumbani, kwa maneno yetu: "Umeshakuwa mama, shule ya nini?"

Ndugu, kamati inaomba mambo matatu.

Moja: hatusemi tukate tena kwenye kilo ya korosho, makato yametuchosha wote. Tunaomba kila mwanachama atoe debe moja la mahindi wakati wa mavuno, liwekwe kwenye ghala letu, lipikwe shuleni. Ni hiari. Asiyenacho asisumbuliwe, na mtoto wake ale kama wengine.

Mbili: wazazi twende kwenye mikutano ya shule, tuulize fedha zilizoingia na zilivyotumika. Kuuliza si ugomvi.

Tatu: asiwepo mwanachama anayempa kazi mwanafunzi siku ya shule. Tukimwona mtoto shambani kwa mwenzetu, tumwambie mwenzetu.

Mkutanoni wengine walinung'unika, wakasema mahindi hayatoshi hata nyumbani. Hatuwapuuzi, mwaka huu mvua wote tumeiona. Ndiyo maana hatukuamua siku ile. Tutapiga kura mkutano ujao. Mpaka hapo kila mmoja aende akahesabu nyumbani kwake: debe ni kiasi gani, na mtoto aliyekwisha potea ni kiasi gani.



Kamati ya Elimu