Kusamehe Si Kufuta Kesi

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia)

Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na hesabu za kikundi. Leo tuna jambo lingine, lakini nalo ni la maendeleo. Kikundi kilichogawanyika kwa sababu ya damu hakiwezi kuchimba kisima pamoja.

Tuchukue mfano. Kijana amemkata mwenzake kwa panga usiku. Yule aliyekatwa amepona, lakini mkono haufanyi kazi tena. Aliyemkata ameshikwa, yuko rumande. Mama zao wote wawili ni wanachama wa kikundi kimoja, na kwa miaka sita wamechangiana pesa kila mwezi. Jioni moja wazee wanafika kwa mama wa aliyeumizwa na mbuzi wawili. Mmoja ameshika Biblia. Wanamwambia: "Mama, wewe ni Mkristo. Samehe. Kesho uende kituoni ukaondoe kesi." Wakishaondoka, vijana wa boma lake wanasema: "Huyo akiachiliwa, sisi wenyewe tutammaliza." Basi mama yuko katikati. Afanye nini?

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Wazee wanafikiri msamaha ni kufuta kesi. Vijana wanafikiri haki ni kisasi. Hapana. Haya ni mambo manne, si mawili.

Kusamehe ni kazi ya moyo. Ni kuamua kwamba sitamlipa mabaya kwa mabaya, na sitamwombea afe. Kazi hii humchukua mtu muda, na hakuna awezaye kumfanyia mwingine. Petro alipomwuliza Bwana asamehe mara ngapi, alijibiwa kwa hesabu kubwa ambayo mtu hawezi kuimaliza kwa vidole. Lakini tukumbuke pia Zakayo. Yesu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo hakubaki na mali ya watu. Alisema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Na Yusufu kule Misri aliwasamehe ndugu zake kweli, lakini kwanza aliwapima aone kama bado ni wale wale waliomwuza. Paulo naye, katika barua yake kwa Warumi, anawakataza waumini kulipiza kisasi, na mistari michache baadaye anasema kwamba serikali imepewa upanga kwa ajili ya watenda maovu. Mwaona? Upanga umetolewa mkononi mwako wewe, ukawekwa mahali pengine.

Kuna mfano mwingine ambao wengi wenu mliusikia redioni. Tarehe 13 Mei 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi na kijana Mturuki mbele ya watu wengi huko Roma. Baada ya siku nne, akiwa bado hospitalini, alitangaza kwamba amemsamehe. Desemba 1983 alimtembelea gerezani, wakaketi pamoja wakazungumza. Hata hivyo, mlango wa gereza haukufunguliwa siku hiyo. Mahakama ya Italia ilikuwa imemhukumu kifungo cha maisha, na alikaa ndani mpaka mwaka 2000, rais wa Italia alipompa msamaha wa serikali. Hiyo ni karibu miaka 19. Hapa kuna misamaha miwili. Wa kwanza ulikuwa wa aliyeumizwa, naye aliutoa mapema. Wa pili ulikuwa wa serikali, ukaja kwa wakati wake. Hakuna aliyesema kwamba Papa hakusamehe kwa sababu kijana alibaki gerezani.

Sasa turudi kwetu Kenya. Sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuhimiza upatanisho na njia za kimila za kumaliza ugomvi. Lakini kifungu hicho hicho kinasema mila isitumiwe kuvunja haki za mtu. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inamruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika makosa madogo, kama vile majirani kupigana makofi. Kumkata mtu mpaka mkono ukafa si kosa dogo. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kesi kama hiyo si mali ya mama. Ni ya Jamhuri, na anayeisimamia ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa makosa ya ubakaji na kunajisi watoto, sheria ya mwaka 2006 imekaza zaidi: wazee, chifu wala wazazi hawana ruhusa ya kuyamaliza nyumbani.

Mtu atauliza: je, ile kesi ya mauaji ya mwaka 2013? Ni kweli. Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi iondolewe baada ya familia mbili kupatana kimila kwa ngamia na mbuzi. Lakini tuangalie vizuri. Ombi lililetwa mahakamani na upande wa mashtaka, na jaji ndiye aliyeamua. Hata hivyo wanasheria walibishana sana juu ya uamuzi huo, na hatuwezi kuuchukua kama njia ya kila siku.

Basi mbuzi wale wawili ni wabaya? La. Familia ya mkosaji ikija kuomba radhi na kusaidia gharama ya hospitali, hilo ni jema. Ubaya ni kuwageuza mbuzi kuwa bei ya kunyamaza. Kama familia zimepatana, zikaseme hivyo mbele ya hakimu. Tangu mwaka 2014 tuna sheria ya kuwalinda waathiriwa, nayo yampa aliyeumizwa nafasi ya kusikizwa mahakamani na kudai fidia.

Na nyinyi vijana, twawaambia waziwazi. Kumchoma mshukiwa kwa tairi ni mauaji. Mara ngapi umati umemshika asiye na hatia! Hasira hasara. Mkimmaliza yule kijana, kesi yake itakufa, na yenu itaanza.

Kikundi chaweza kufanya nini? Mtu akiumizwa, msindikizeni kituoni, aandikishe ripoti na kupewa nambari ya OB na fomu ya P3 ambayo daktari ataijaza. Kama ni ubakaji, asioge wala kufua nguo, afike hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Nambari 1195 hupokea simu za dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Kesi ikiitwa, wawili wenu waende naye, maana wengi huacha kesi kwa sababu ya nauli na upweke. Wala msimtenge mama wa mkosaji. Hakushika panga yeye. Mpelekeeni unga, mwende naye kumtazama mwanawe gerezani. Siku kijana huyo atakaporudi, itabidi awe na mahali pa kurudi.

Msimwulize mama aliyeumizwa kila Jumapili kama ameshasamehe. Huo ni mzigo juu ya mzigo. Mtunzeni, mwombeeni, mumpe muda. Akifika siku ya kusema "nimesamehe" huku kesi ikiendelea, msimwite mnafiki.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika kijiji chetu, nani huwa wa kwanza kumshauri aliyeumizwa aondoe kesi? Anafaidika vipi?
2. Wanachama wawili wako pande mbili za kesi moja. Tutawaketisha vipi katika mkutano mmoja?
3. Je, kikundi chetu chaweza kuweka akiba ndogo ya nauli kwa mashahidi? Kiasi gani kwa mwezi?